Usanii wa Gizani

Mitaani kwetu neno usanii lina sura mbili. Kwenye kamusi ni kazi ya mtu mwenye kipaji na ufundi: mchongaji, mchoraji, mtunzi wa mashairi. Kijiweni ni ulaghai. Ukimsikia mtu wa Dar es Salaam akilalamika, "Yule jamaa kanifanyia usanii," usidhani kachorewa picha. Kaliwa pesa zake. Wako wanaoichukulia maana hiyo ya pili kuwa ni matusi kwa sanaa, lakini mimi naona ina hekima ndani yake. Watu wa kawaida, bila kufungua kitabu chochote cha falsafa, walishaona kwamba kuna undugu kati ya mtu anayekuonyesha kitu ambacho hakipo na mtu anayekuuzia kitu ambacho hakipo.

Plato aliliona hilohilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ila yeye alitumia maneno mengi. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anatoa mfano wa kitanda. Kuna kitanda cha asili, yaani wazo lenyewe la kitanda. Kuna kitanda cha seremala, ambacho ni kivuli cha wazo hilo. Halafu kuna kitanda cha mchoraji, ambacho huwezi hata kukilalia, nacho ni kivuli cha kivuli. Kwa hesabu hiyo mchoraji yuko mbali na ukweli kuliko seremala. Sasa, ndugu msomaji, tumpe Plato mtihani mgumu zaidi. Siku hizi kuna watu wanaochora kivuli cha kivuli cha kivuli, tena gizani, tena glasi ikiwa mkononi. Angesemaje huyu mzee?

Nazungumzia burudani moja iliyoenea katika miji ya watalii: usiku wa kuchora kwa rangi zinazong'aa gizani. Chukua mji wa Barcelona, Hispania. Mchana msafiri anatembea juani, anaangalia majengo ya Gaudí, anapanga foleni kwenye majumba ya makumbusho. Usiku anatafuta jambo la kufanya, na mojawapo ya mambo anayouziwa ni hili.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Wasafiri kumi na kitu, wengi hawajuani, wanalipa na kuingia katika chumba kilichozibwa madirisha. Kila mmoja anapewa aproni, brashi, sahani ya rangi na kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu. Vinywaji vipo. Taa za kawaida zinazimwa, zinawashwa taa za zambarau, na papo hapo rangi zinawaka: kijani cha ndimu, waridi, chungwa. Hata mashati meupe na meno ya watu yanawaka. Mwongozaji, mara nyingi kijana mchoraji, anasimama mbele akiwa na picha iliyokwisha kamilika. "Haya, chukueni brashi nene. Chovya kwenye bluu. Mstari mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Safi sana! Sasa tuweke mwezi." Baada ya saa mbili kuna miezi kumi na kitu chumbani, mikubwa na midogo, mingine imepinda kama embe. Watu wanapigana picha, wanacheka, wanaondoka na kazi zao mikononi.

Swali langu ni hili: je, yule msafiri amechora? Na yule kijana aliyemwongoza, je, amefanya usanii wa kwenye kamusi au usanii wa kijiweni?

Utasema, "Aa, bwana, acha watu wafurahi! Kuna ubaya gani mtu kupaka rangi akinywa bia yake?" Ubaya haupo, na wala siandiki ili niwatie wasafiri wa watu dhambini. Naandika kwa sababu swali hili ni letu pia. Vijana wengi tulioshika brashi na kalamu tunakula kwa mgeni, au tunategemea siku moja kula kwa mgeni. Tusipojua mpaka uko wapi kati ya usanii ule na usanii huu, tutauvuka usiku na hatutajua kwamba tumeuvuka.

Tuanze na lawama ya kwanza inayotolewa: kuiga. Wapinzani wa usiku huu wanasema picha iliyoigwa hatua kwa hatua si picha. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Palepale Barcelona, katika Jumba la Makumbusho la Picasso, kuna mfululizo wa picha 58 ambao Picasso aliuchora mwaka 1957. Nyingi kati ya hizo zimetokana na picha moja tu, ile ya Velázquez ya mwaka 1656 inayoonyesha binti wa mfalme na watumishi wake. Picasso alikuwa na miaka 75, sifa zake zimejaa dunia nzima, na bado alikaa miezi kadhaa akiizungukazunguka picha ya marehemu. Nani atamwambia kwamba hakuchora?

Au njoo kwetu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia mbao laini za kuzibia dari na rangi za kupakia baiskeli. Wateja wake wakubwa walikuwa wageni waliopita Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa makosa, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Kama kuiga kungekuwa dhambi, jina lake lingezikwa naye. Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa, nao wakawafundisha wengine, kila mmoja akianza kwa kunakili chui na ndege wa mwenzake. Katika maelfu ya chui hao wamo waliochorwa kwa kuchoka, mchoraji akiwazia kodi ya nyumba. Lakini wamo pia chui wenye macho ambayo hujawahi kuyaona popote.

Hata mshairi wetu huanza hivyohivyo. Anapewa mizani, vina, bahari, anaambiwa, "Pita humu." Hakuna aliyezaliwa akijua urari. Kwa hiyo kuiga ni mlango, na kila anayeingia nyumbani hupita mlangoni. Tatizo ni yule anayeweka kitanda chake mlangoni.

Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Nahodha anayeifuata nyota ya mwenziwe atafika alikokusudia mwenziwe, wala si alikokusudia yeye. Lakini tukumbuke kwamba methali hiyo inamlenga nahodha. Baharia mgeni lazima aisafirie nyota ya mwenziwe, la sivyo atazama. Basi kipimo cha kwanza nilichonacho ni hiki: mwongozaji akishaondoka, umebakiwa na nini? Kama umejua kwamba bluu ikichanganywa na nyeupe taratibu inakuwa anga la alfajiri, umepata kitu ambacho hakuna atakayekunyang'anya. Kama umebakiwa na mwezi mmoja tu, usiojua ulitokeaje, basi uliazimwa mkono na mkono umesharudishwa kwa mwenyewe.

Lawama ya pili ni kinywaji. Hapa wengine wanacheka, maana historia ya sanaa imejaa chupa. Barcelona kulikuwa na mkahawa ulioitwa Els Quatre Gats, yaani Paka Wanne, uliofunguliwa mwaka 1897 na kufungwa mwaka 1903. Wachoraji na waandishi walikaa humo hadi usiku wa manane wakinywa, wakibishana, wakitukanana vizuri. Februari mwaka 1900 kijana mmoja wa miaka 18 alibandika kwenye kuta zake michoro ya nyuso za rafiki zake na watu wa palepale. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho ya kwanza ya Picasso peke yake. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba sanaa na kinywaji havijawahi kukaa meza moja hajui anachosema.

Lakini angalia vizuri. Kinywaji cha Paka Wanne kilikuwa cha maongezi. Kuchora alikuwa ameshachora, na alichokileta pale kilikuwa kazi ya kuonyeshwa kwa watu wanaojua kukosoa. Kijana yule hakwenda kuambiwa "safi sana". Alikwenda kupimwa na wakubwa. Katika usiku wetu wa taa za zambarau kinywaji kina kazi nyingine: kinazima yule hakimu aliyeko kichwani. Na hakimu huyo, jamani, tunamhitaji, ingawa si kila saa. Waandishi chipukizi tunapenda kusimuliana habari za mabingwa waliokunywa, ila hatusimuliani ni kurasa ngapi walizifuta asubuhi yake. Cha mlevi huliwa na mgema: anayefaidi usiku ule ni mwenye baa, na hilo halijabadilika tangu enzi za mnazi.

Sasa tuje kwenye lawama ya tatu, ambayo ndiyo nzito: giza lenyewe. Na hapa lazima nimpe mpinzani wangu haki yake, maana giza lina sifa kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mtu mzima haogopi kuchora kwa sababu mkono umekufa. Anaogopa kwa sababu siku moja, akiwa na miaka minane au tisa, mtu alimcheka. Mwalimu aliinua daftari juu, darasa zima likaangua kicheko: ng'ombe gani huyu ana miguu mitano? Tangu siku hiyo akajiandikia hukumu: mimi sijui kuchora. Amebeba hukumu hiyo miaka thelathini, amekuwa daktari, amekuwa dereva, amekuwa mama wa watoto wanne, lakini brashi hajagusa tena. Mwingize mtu huyo katika chumba chenye mwanga mkali, mpe kalamu, utaona jasho. Mwingize gizani, mahali ambapo hakuna anayeuona uso wake na kila kosa linang'aa kama pambo, atachora. Ng'ombe wa miguu mitano, gizani, ni ng'ombe mwenye furaha.

Wala si wasafiri tu. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliharibu sehemu kubwa ya New Orleans na majirani zake, kule Marekani. Mwaka 2007, ng'ambo ya ziwa kutoka mji huo, wanawake wawili walifungua mahali pa watu kuchora kwa kuongozwa huku wakinywa, ili majirani waliochoshwa na vifusi na fomu za bima wapate saa mbili za kupumua. Mtindo huo ukaenea Marekani nzima na kwingineko. Kabla ya hapo Bob Ross alikuwa ameshawafundisha watu kupitia televisheni, tangu 1983 hadi 1994, akichora mlima mzima ndani ya nusu saa. Sasa mtu atasimama mbele ya wale majirani na kuwaambia picha zao hazina thamani? Thamani ya sanaa haiko kwenye picha peke yake. Kuna thamani iliyoko kwenye mkono uliotetemeka kisha ukaacha kutetemeka.

Mkulima anajua jambo hili. Miche michanga haipandwi moja kwa moja juani. Inawekwa kitaluni, juu yake kunajengwa kichanja cha majani ili jua lisiiunguze. Bila kivuli kile mche unakufa. Lakini mche unaoachwa kitaluni siku zote unarefuka, unakonda, unakuwa na rangi ya njano, na mwisho wake haubebi hata tunda moja. Giza ni kitalu. Shamba liko juani. Mtu akikuambia kitalu ni shamba, hapo ndipo usanii wa kijiweni unapoanza.

Na giza lina jambo jingine la kutufundisha, kama tutachukua taabu ya kuuliza rangi zile zinang'aaje. Nyingi kati yake hazina mwanga wao. Taa ya zambarau inatoa mionzi ambayo jicho letu haliioni, ile inayoitwa urujuanimno. Rangi inaipokea na kuirudisha hapohapo ikiwa mwanga tunaouona. Zima taa, rangi nayo imezimika. Kinywaji chako nacho kinaweza kuwaka, kama umeagiza jini na toniki, kwa sababu toniki ina kwinini, na kwinini chini ya taa ile inatoa mwanga wa bluu. Ndiyo, kwinini ileile chungu tuliyokuwa tukinyweshwa kwa malaria huku tumebanwa pua! Rangi za aina hii zilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930 na ndugu wawili, Robert na Joseph Switzer. Joseph alikuwa akifanya mazingaombwe jukwaani, na rangi hizo alizitumia huko kwanza. Mnaona? Zilizaliwa kwa kiinimacho.

Kuna rangi za aina ya pili, zinazoendelea kung'aa hata baada ya taa kuzimwa. Hizi zina historia ambayo haichekeshi. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kuchora namba za saa kwa rangi iliyotiwa radiamu. Saa hizo ziliwafaa askari wa Vita Kuu ya Kwanza, wapate kusoma majira gizani. Namba zilikuwa ndogo, brashi ilihitaji ncha kali, na wasichana walifundishwa kuinyoosha ncha kwa midomo. Midomo, rangi, saa. Midomo, rangi, saa, siku nzima. Waliambiwa haina madhara. Baadhi yao walijipaka kucha, meno na nyuso ili wang'ae dansini jioni. Wakaanza kung'oka meno, taya zikaoza, mifupa ikavunjika. Mwaka 1927 mmoja wao, Grace Fryer, pamoja na wenzake wanne walifungua kesi, na mwaka 1928 kesi ikaisha kwa mwajiri kukubali kuwalipa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1933. Radiamu huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu yake.

Radiamu hiyo ilitoka wapi? Mwanzoni ilitoka kwenye mawe ya Colorado. Lakini kuanzia mwaka 1922 soko la dunia lilishikwa na madini ya Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, yaliyochimbwa na watu weusi na kusafirishwa hadi Ubelgiji kusafishwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usifikiri kwamba mwanga ule wa gizani ni habari ya Wazungu peke yao. Huenda aliyelibeba jiwe lake alikuwa akiimba kwa lugha hii tunayosomea hapa.

Rangi za leo si zile. Mwaka 1993 Wajapani walitoa rangi mpya inayong'aa kwa muda mrefu bila radiamu wala mnunurisho wowote, na msafiri wa Barcelona hana haja ya kuogopa. Sikuileta habari hii kumtisha mtu. Nimeileta kwa sababu inatupa kipimo cha pili: ukifurahia mwanga, uliza nani ameulipia. Wasichana wa Orange walikuwa wachoraji wa gizani kabla ya mtu yeyote kulipa kiingilio kwa ajili hiyo. Waliongozwa hatua kwa hatua, waliambiwa "safi sana", walicheza na rangi wakacheka. Kilichowaua kilikuwa ahadi ya uongo. Brashi ilikuwa brashi, saa ilikuwa saa. Ila mtu mmoja alijua, au alipaswa kujua, na akasema hakuna neno.

Kipimo hicho kinamhusu hata mwenyeji. Methali yetu inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Barcelona wenyeji wengi wanasema hawaponi. Julai 2024 waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Juni mwaka uleule meya alikuwa ametangaza kwamba ifikapo Novemba 2028 leseni za nyumba zaidi ya 10,000 zinazopangishwa kwa watalii zitakuwa zimefutwa, maana kodi imewatoa watu mitaani mwao. Kijana mwongozaji anaweza kuwa mmoja wao: jioni anawafundisha wageni kuchora mwezi, usiku anarudi mbali kwa treni kwa sababu mtaa wa karibu umejaa wageni haohao. Msafiri anayeondoka na mwezi wake mkononi hana hatia ya yote hayo. Lakini akijua, atauangalia mwezi wake kwa jicho jingine, na pengine atauliza yule aliyemfundisha anaitwa nani na anachora nini akiwa peke yake.

Hapo nimefika kwa mwongozaji, ambaye ndiye hasa ninayemwandikia. Washikaji wengine wanambeza. "Kashauza kipaji," wanasema, "kawa mchekeshaji wa watalii." Mimi simbezi. Kufundisha ni kazi, na anayemfanya mtu mwoga ashike brashi amefanya jambo ambalo wasomi wengi wa sanaa hawajalifanya maisha yao yote. Njaa nayo haisomi nadharia. Tolstoi alishika kwamba sanaa ni pale mtu anapomwambukiza mwenziwe hisia aliyokuwa nayo kwa kweli. Kwa kipimo hicho kijana anayeupenda mwezi na kuwapendeza wengine nao amefanya sanaa, hata kama mwezi wenyewe ni wa mara ya mia.

Hatari yake iko kwingine. Iko pale anapoanza kuamini "safi sana" yake mwenyewe. Kila jioni anamwambia kila mtu kwamba kazi yake ni nzuri, maana ndicho walicholipia. Neno likisemwa kwa watu wote linakufa. Siku akikaa mbele ya picha yake mwenyewe, ile ya mchana, hana tena neno la kuipimia. Na hatari nyingine iko kwenye tangazo. Picha ya mwezi uliopinda haisemi uongo, inasema, "Mimi ni mwezi, nimepinda, nilichorwa na mtu aliyekuwa akicheka." Tangazo linaloahidi kwamba baada ya saa mbili utakuwa msanii ndilo linalosema uongo. Huo ndio mpaka nilioutafuta tangu mwanzo. Msanii wa kwenye kamusi anakuonyesha kitu ambacho hakipo, na wote wawili mnajua hakipo. Msanii wa kijiweni anakuonyesha kitu ambacho hakipo na kukuapia kwamba kipo.

Kumbe hata Plato tunaweza kumjibu. Kivuli cha kivuli hakina dhambi, mzee wetu. Dhambi ni kukiuza kwa bei ya kitanda.

Basi mwongozaji mwaminifu afanyeje? Nadhani anaweza kufanya mambo mawili madogo. La kwanza, aache sehemu moja ya picha isiyo na maelekezo. Aseme, "Hapa chini weka chochote, sitakwambia." Wengi watakwama, watacheka, watanywa kidogo. Lakini mmoja atachora mbwa wake, mwingine nyumba ya bibi yake, na hapo, kwa dakika kumi, chumba kitakuwa na wachoraji. La pili, kabla watu hawajaondoka, awashe taa za kawaida. Awaache waone rangi zilivyofifia, mistari ilivyoyumba, na aseme ukweli mmoja kwa kila picha: hapa mkono wako ulijua, hapa ulikisia. Wachache watanuna. Lakini yule mwenye miaka thelathini ya hukumu kichwani atasikia, pengine kwa mara ya kwanza, kosa lake likitajwa bila kicheko.

Na sisi wa kalamu, je? Tusijidanganye kwamba habari hii ni ya wachoraji. Sisi nasi tuna vyumba vyetu vya giza. Kuna jioni za kusomeana mashairi ambako kila shairi linapigiwa makofi, kwa sababu aliyepiga makofi anasubiri zamu yake. Kuna hadithi zinazong'aa chini ya taa moja tu, taa ya mfadhili: mwaka huu ametaka mazingira, mwaka kesho atataka haki za mtoto wa kike, na sisi tunachovya brashi tulipoelekezwa. Mada hizo ni njema, hamna ubishi. Lakini hadithi inayowaka chini ya taa ya mfadhili na kuzimika ikisomwa na dada anayeuza vitumbua stendi haina mwanga wake. Imeazima.

Sisemi tuvichome vyumba hivyo. Tuvitumie kama kitalu. Mwandishi mchanga ana haki ya kivuli, ana haki ya marafiki watakaomwambia "safi sana" kabla hajaweza kustahimili neno jingine. Ila haki hiyo ina mwisho wake, na mwisho huo hatupangiwi na mtu. Kila mmoja anajua moyoni, saa ile mashina yanapoanza kurefuka bila majani.

Kwa hiyo ukiandika usiku, mwenzangu, andika tu. Kunywa ukinywa, cheka ukicheka, iga unayemwiga. Asubuhi toka na karatasi yako nje, simama juani, isome kwa sauti mtaani ambako kila mtu ana haraka zake na hakuna aliyelipa kiingilio. Kama kuna mtu mmoja atageuza shingo, una kitu. Kama hakuna, rudi ndani ukafanye kazi, na usimlaumu mtu kwa kuzima taa.